Baba Mmoja Kati ya Wengi

Kizazi chetu kilifundishwa kutoulizana kabila. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ilikuwa ya mwisho kuliuliza; tangu hapo karani akipita hapa Singida huandika watu, mifugo na aina ya choo, basi. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa tulipangwa safu moja, Mnyaturu kando ya Mnyiramba, Mtaturu kando ya Mgogo. Sijuti hata kidogo. Aliyesikia ya Rwanda mwaka 1994 hahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa wajukuu wanataka kujua. Wangu mmoja, anayesoma ng'ambo, ananiomba nitemee mate kichupani ili maabara isome kromosomu Y, ile ambayo mtoto wa kiume huirithi kwa baba yake tu, naye baba kwa babu, kurudi nyuma hadi zama ambazo majina yamekwisha. Nikaanza kujisomea.

Waungwana wa Kilwa walidai tangu kale kwamba baba zao walitoka Shirazi. Wasomi wengi wa rika letu, wakiwa bado na joto la uhuru, waliyaona hayo kuwa majivuno matupu. Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kama Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa na Manda, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Kumbe kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Wazee wa Kilwa walisema kweli, ila nusu. Vinasaba vinavyopita kwa mama vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika, na lugha iliyobaki midomoni mwa watoto ni ya mama zao. Tarikh ya Kilwa inatutajia masultani. Mama zao waliosuka miji hiyo hawamo.

Huku kwetu bara mambo ni mazito zaidi, tena hayasemwi sana. Kati ya Singida, Kondoa na Mbulu zinakutana lugha za asili mbalimbali: Wanyaturu ni Wabantu, Wambulu ni Wakushi, Wataturu ni Waniloti, na Wahadzabe na Wasandawe wana lugha zao za vidoko. Mwaka 2008 watafiti walieleza alama ya kromosomu Y iitwayo E-M293. Iko kwa wingi kwa Wataturu, na iko pia kwa Wakhoe wa kusini mwa Afrika. Wakakadiria kuwa wafugaji waliibeba kupitia Tanzania yapata miaka 2,000 iliyopita. Baadaye mifupa ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania ilipopimwa, wanaume wengi walikutwa nayo. Yaani huyu Mtaturu tunayemfukuza kwenye alizeti zetu, tukimwita mtu wa kuhamahama asiye na kwao, yaelekea baadhi ya baba zake walichunga nchi hii kabla jembe la Mnyaturu halijafika.

Hata hivyo mjukuu ana haraka. Ukirudi nyuma vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kromosomu Y imetoka kwa mmoja tu kati yao. Hofu yangu ni kijana kumchagua huyo mmoja, amsahau kila mwingine, kisha amfanye kabila. Hapo tutakuwa tumerudi kule tulikotoka, safari hii tukiwa na karatasi ya maabara mkononi.

Bibi mzaa mama yangu alikuwa Mtaturu, aliyeletwa Unyaturu akiwa binti mwaka wa njaa. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, na sifa zake nilizisikia utotoni kuliko za babu yeyote. Kwenye kromosomu Y yangu mzee huyo hayumo kabisa. Mate nitatoa. Ila nimemwambia mjukuu aje mwenyewe Desemba, na daftari, tuanze na upande wa bibi.