Karani wa Mizani

Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ulifika kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1964, Josiah Kibira, naye ndugu wa Uamsho, alipopokea uaskofu kutoka kwa Mswidi Bengt Sundkler, mimi nilikuwa kijana wa kuwasha karabai kwenye mikutano ya ndugu. Nilisikia mengi humo.

Watu walitubu hadharani, dhambi ikitajwa kwa jina lake, na aliyemaliza tulimpokea kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioimbwa hata na wasiojua Kiganda. Niseme wazi: wengine walipenda kusikia dhambi kubwa kubwa. Aliyetubu hasira tu aliimbiwa ubeti mmoja.

Jioni moja alisimama karani aliyekuwa akipima kahawa. Alisema gunia likipanda mizani, huandika ratili pungufu, hasa likiwa la mjane asiyejua kusoma. Hakuishia kwenye maneno. Aliuza ng'ombe, akauza baiskeli, akazunguka nyumba kwa nyumba akirudisha fedha. Mzee mmoja alizikataa, akataka afungwe. Mjane mmoja alikuwa ameshafariki, wanawe wakazipokea.

Tukadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata akasimama tena na dhambi ile ile, na iliyofuata pia. Akakonda. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, yeye alibaki kwenye benchi. Wapo waliomsifu kwamba hiyo ndiyo toba ya kweli.

Siku moja alikatizwa na mama aliyepunjwa kuliko wote.

“Mwanangu, mimi nilikusamehe. Bwana alikusamehe kabla yangu. Deni hili unalolipa kila wiki, unamlipa nani?”

Karani akajibu kwamba hastahili.

“Nani amesema unastahili? Ungestahili, ungedai mshahara. Kaa chini.”

Akakaa. Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi juu ya neema, ya maaskofu na ya wahubiri wa vipaza sauti, na sijasikia lililompita mama yule.

Ushirika mtakatifu ulipoandaliwa tena, karani alikwenda mezani. Miaka ilipopita, usharika ukamchagua kuwa mtunza hazina. Walioguna walikuwepo. Mwenyewe aliomba vitabu vikaguliwe kila mwaka mbele ya washarika wote, na hadi anafariki haikupungua hata senti.