Kava la Kalamu ya Mwenzetu



Tuliombwa tuandike kidogo juu ya maisha ya kijumuiya hapa seminarini. Mwanzoni tulifikiria kuandika juu ya bustani ya mboga, au kwaya. Lakini tulipokaa sisi mafrateri watatu na kuuangalia mwaka uliopita, kila mmoja alirudi kwenye jambo lile lile, tena dogo: kununua kava la kalamu. Basi tumeona tuandike hilo.

Katika chumba chetu cha kujisomea tuna meza nne. Tatu ni zetu, ya nne, ile ya karibu na dirisha, ni ya mwenzetu ambaye hatutamtaja jina. Ameisoma makala hii kabla hatujaituma, akaturuhusu, ila akatuomba tusimfanye mtakatifu wala maskini wa kuhurumiwa. Tutajitahidi.

Mwenzetu alipokuwa mwaka wa kichungaji alianguka na bodaboda akielekea kigangoni. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia pamoja na kidole gumba. Alifungwa plasta, akapona, akarudi kuanza masomo ya taalimungu pamoja nasi. Lakini gumba halikurudi kama zamani. Halikunji vizuri, na akiandika nusu saa mkono wote unakaza hadi begani. Wakati wa mihadhara tulimwona akiacha kuandika katikati, anauweka mkono mapajani, anaukanda taratibu kwa ule wa kushoto, huku mwalimu anaendelea.

Familia moja ya parokiani kwake ilipopata habari hizo ikampa kishikwambi. Neno hilo Watanzania wengi tulilizoea wakati wa Sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumbani kwetu wakiwa navyo mkononi. Hiki kilikuwa iPad iliyokwisha kutumika, pamoja na Apple Pencil ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka 2015. Mtu angeuliza, kwa nini asiandike kwa kuchapa tu? Kwa masomo mengi anachapa. Shida ni Kigiriki cha Agano Jipya. Mwalimu wetu wa Maandiko anataka tuziandike herufi kwa mkono, pamoja na alama zake zote za juu na za chini, mpaka mkono uzizoee. Kwenye kishikwambi mwenzetu aliweza kuandika herufi kubwa kubwa, akafuta, akarudia, bila kukandamiza kama mtu anavyofanya kwenye karatasi.

Kwa asiyeifahamu kalamu hiyo, tuieleze. Ni ya plastiki nyeupe inayoteleza, ya mviringo mtupu, haina pembe hata moja. Unene wake ni milimita 8.9, urefu karibu sentimita 17 na nusu, uzito gramu 20.7. Kalamu ya wino ya kawaida tunayonunua dukani haifiki nusu ya uzito huo. Nyuma ina kifuniko kidogo kinachoshikwa kwa sumaku. Ukikivua unakuta chuma cha kuchomeka kwenye kishikwambi ili ichaji. Mbele ina ncha ya plastiki inayofunguliwa kwa kuzungushwa, na ndani ya ncha kuna kijichuma chembamba. Ikianguka kwa ncha juu ya sakafu, kijichuma hicho kinaweza kupinda, na hapo ndipo mwisho wa kalamu.

Na kweli ilianguka. Ilikuwa jioni, mwenzetu ameenda zahanati, kalamu yake iko mezani kwetu kwa sababu tuliiazima kuchora ramani ya safari za Mtume Paulo. Kengele ya Masifu ya Jioni ikalia. Tuliinuka kwa haraka, meza ikatikisika, kalamu ya mviringo ikafanya kama kalamu yoyote ya mviringo: ikabingirika hadi ukingoni, ikatua kwenye saruji kwa ncha. Ncha ikapasuka. Kifuniko kikakimbilia chini ya kabati la vitabu.

Mwenzetu aliporudi tulimwambia, "Kaka, kalamu imeanguka."

Lugha yetu ina upole wa hatari. Sahani imevunjika, hela imepotea, kalamu imeanguka. Hakuna aliyevunja, hakuna aliyepoteza, hakuna aliyeangusha. Mwenzetu alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, si kitu." Alikuwa na ncha moja ya akiba iliyokuja na kalamu tangu dukani, na ile familia ilikuwa imeitunza. Akaifunga, kalamu ikaandika. Kifuniko tulikitafuta kwa fagio na tochi ya simu mpaka tukakipata. Tukashusha pumzi. Lakini ncha ya pili ya akiba haikuwapo tena, na hilo sote tulilijua.

Hapo ndipo tulipokata shauri la kumnunulia kava. Tulichanga kutoka kwenye vijisenti vyetu vya matumizi, na mmoja wetu aliyekuwa akipitia Dar es Salaam likizo akapewa kazi ya kutafuta Kariakoo. Tulitaka liwe la kumshangaza, kwa hiyo hatukumuuliza chochote. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi tuliamini tunafanya hivyo hasa.

Aliyetumwa alirudi na kava zuri mno. La silikoni, rangi ya samawati, refu la kuifunika kalamu nzima kuanzia juu ya ncha hadi nyuma kabisa, limebana kama soksi mpya. Muuzaji alimhakikishia kwamba hata ikianguka kutoka dirishani haiumii. Tulilivalisha wenyewe kwa nguvu, tukamkabidhi mbele ya darasa. Akashukuru. Watu wakapiga makofi.

Wiki ya kwanza aliitumia. Wiki ya pili tuliona kalamu imelala mezani. Wiki ya tatu mwenzetu alirudi kwenye daftari na kalamu ya wino, na kuukanda mkono mapajani kukaanza upya. Hatukumuuliza. Badala yake tuliulizana sisi kwa sisi, kule bustanini, tukaanza kusema maneno ambayo leo yanatuchoma: kwamba pengine ana majivuno, hapendi kusaidiwa, kwamba hela yetu tumeitupa, kwamba mtu akizoea kupewa hathamini. Tuliyasema hayo tukiwa na majembe mikononi, na nusu saa baadaye tukaingia kikanisani kusali pamoja naye.

Alama zake za jaribio la Kigiriki zilishuka. Mwalimu akamwita. Sisi hatukujua walichozungumza, ila jioni ile mwenzetu alikuja kwenye meza zetu, akaweka kalamu katikati, akasema, "Ndugu zangu, nivulieni hili kava nichaji."

Tukamwambia, "Si unavuta tu?"

"Kwa kidole kipi?" akajibu.

Tulitazamana. Kava lilikuwa limefunika mpaka kwenye kifuniko cha nyuma. Ili kuchaji ilikuwa lazima kulivua lote, na silikoni iliyobana vile inataka gumba lenye nguvu. Yeye gumba hana. Mara mbili alimwomba kijana wa jikoni amvulie, akaona haya kumsumbua tena. Kutuomba sisi aliona atatuvunja moyo, kwa kuwa tulimpa zawadi mbele ya darasa. Basi kalamu iliisha chaji ikalala, naye akavumilia maumivu ili asituudhi.

Kisha akatuambia jambo la pili ambalo hatukuwahi kulifikiria. Hata kabla ya chaji kuisha, kava lile halikumsaidia mkono. Lilikuwa jembamba, kalamu ilibaki karibu unene ule ule. Kioo kinateleza, kalamu ni nzito kidogo, kwa hiyo vidole vinabana zaidi bila mwenyewe kujua. Tulikuwa tumeilinda kalamu na sakafu. Mkono tulikuwa hatujaulinda na kalamu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwishoni mwa mwezi mmoja wetu alimsindikiza hospitalini kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na mara hii tulienda kuuliza. Mtaalamu alieleza kwa maneno mepesi. Kitu chembamba kinavilazimisha vidole vijikunje sana na kubana sana. Kitu kinene kinashikwa kwa vidole vilivyokunjuka na nguvu kidogo. Kwa hiyo wagonjwa wa viungo hutengenezewa vijiko na miswaki yenye vishikio vinene vya sponji. Na kalamu vivyo hivyo. Akamwambia mwenzetu afumbe macho, akamwekea mkononi vipande vya sponji vya unene tofauti, kimoja baada ya kingine, na kumuuliza kila mara, "Hiki je?" Alichokichagua kilikuwa kinene kuliko ambacho yeyote kati yetu angekinunua. Sisi tungesema kibaya.

Tukaanza upya. Kile kipande cha sponji alichokichagua, chenye tundu katikati, tulikivalisha sehemu ya mbele tu, pale vidole vinaposhika. Siku ya kwanza tulikisogeza mno kuelekea kwenye ncha, kikawa kinagusa kioo kila alipolaza kalamu. Tukakirudisha nyuma upana wa vidole viwili, ikakaa sawa. Sehemu ya nyuma tuliiacha wazi ili kifuniko kivuliwe kwa mkono wa kushoto bila kusumbua kitu, na kifuniko chenyewe tukakifungia uzi mwembamba kisije kikakimbilia tena kabatini.

Sponji ikatatua na lile la kubingirika. Ina pande tatu kama pembetatu, ukiiweka mezani inakaa ilipo. Kwa kubebea, fundi viatu wa nje ya geti alitushonea ala ya ngozi, ndefu kuliko kalamu kidogo, chini ameweka kitambaa cha kukunja ili ncha isigonge. Inafungwa kwa kamba ya kuvuta, kwa sababu kifungo kinahitaji gumba. Hilo la kamba alilisema mwenzetu mwenyewe, fundi akalielewa kabla hajamaliza kulisema.

Si kwamba sasa kila kitu ni kamili. Sponji inanyonya jasho, ikizeeka inachanika, tumekwisha kuibadilisha mara moja. Silikoni ni ya kudumu zaidi, na hushika vumbi lakini unaiosha kwa sabuni na maji na kuianika. Mtu mwenye vidole vizima, ambaye shida yake ni kuteleza tu, lile kava la samawati lingemfaa, ilimradi linaacha wazi mahali pa kuchajia. Kwa hiyo hatusemi kava gani ni bora. Tunasema tu yale ambayo tungetamani mtu atuambie kabla hatujatoa hela: kalamu inachajiwaje, na je, mwenyewe anaweza kulivua kava peke yake? Anaumia wapi anapoandika? Anataka unene gani? Ikiwekwa mezani inatulia? Na zaidi ya yote, aishike kwanza mwenyewe, aandike mistari kumi, sisi tukiwa kimya.

Tunayaandika haya tukiwafikiria pia ninyi waamini, mnaotupa sisi waseminari na wazee wa parokia zawadi kwa moyo mkuu. Bibi anayenunuliwa simu ya kioo ambayo hawezi kuibonyeza ataipokea kwa tabasamu na kuifunga kwenye kanga. Hatawaambia. Watu wenye adabu hawasemi, na hapo ndipo sisi tunaotoa tunapodanganyika kwamba tumesaidia.

Limebaki jambo moja. Msomaji atakuwa ameona kwamba tumeandika "meza ikatikisika". Meza haikujitikisa. Mmoja wetu ndiye aliyeigonga kwa goti, na alijua, na wawili tuliobaki tuliona, na wote watatu tukasema kalamu imeanguka. Kusema kweli, kava la samawati tulilinunua kwa haraka na kwa siri hivyo kwa sababu tulikuwa tunalipa deni tusilotaka kulitaja. Labda ndiyo maana hatukutaka kumuuliza chochote: tuliogopa naye angetuuliza.

Usiku ule wa kurudi hospitalini aliyehusika alimwendea mwenzetu akamwambia, "Mimi ndiye niliyeiangusha." Nasi wawili tukafuata, tukasema tuliona. Tukamwambia na maneno ya bustanini, ingawa hilo lilikuwa gumu zaidi. Alitusikiliza hadi mwisho. Akasema alijua la kalamu tangu siku ile ile, kwa jinsi tulivyokitafuta kifuniko kwa bidii. Ya bustanini hakuyajua, na yalimuuma, hakuficha. Siku mbili alikuwa mkimya mezani. Siku ya tatu akatuomba tumsikilize akisoma sura ya kwanza ya Yohane kwa Kigiriki, tukajua tumesamehewa, au angalau tumeanza.

Kalamu iko mezani pake, karibu na dirisha, na sponji yake nene isiyopendeza machoni. Kava la samawati lipo kwenye droo yetu. Kama kuna frateri mwenye kalamu ya namna hiyo analihitaji, aje. Tutamuuliza kwanza maswali machache.