Siku Nne

Wanaotoa ushuhuda mara nyingi huishia pale mgonjwa alipopona. Wangu hauna sehemu hiyo, na nasema mapema asije mtu akangoja kupiga makofi. Binti yangu ana ugonjwa wa Crohn. Yuko hai, anasoma, anagombania rimoti na kaka yake, na dawa anameza kila siku. Ninachotaka kusimulia ni jambo ambalo hatukuulizwa hospitali hata siku moja: jinsi tumbo la mtoto lilivyoingia makazini kwetu, kwangu na kwa baba yake, likatugawa. Mimi likanitoa kazini. Yeye likamfungia humo humo.

Mwaka 2018 nilikuwa karani wa fedha katika tawi moja la benki hapa Morogoro, dirisha la tatu. Asiyewahi kukaa dirishani anadhani ni kazi ya kuhesabu noti kwenye kiyoyozi. Droo ukiifungua asubuhi ni yako mpaka jioni, mpaka hesabu ikubali. Simu unaiacha kwenye kabati kule nyuma. Ukitaka kutoka kabla ya muda, unahesabu, unamwita msimamizi, anahesabu tena, mnasaini, na wakati wote huo foleni inakutazama kama mwizi.

Mtoto alikuwa na miaka 6, ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza. Tumbo lilimkata, akaharisha, likapoa, likarudi. Zahanati ya kwanza walisema amiba, wakampa vile vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Ya pili wakasema taifodi. Kisha minyoo, kisha taifodi tena. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alisema ni chango, akaja na mizizi kwenye chupa ya maji. Watu wanapenda nimcheke mama wa watu kwa hiyo mizizi, lakini simcheki. Wote walikuwa wanabahatisha, tofauti ni kwamba yeye hakudai pesa ya kipimo. Kufika Desemba mtoto alikuwa na kilo 15, uzito wa mtoto wa miaka minne. Mdomoni vidonda, magoti yanamuuma, na chooni damu.

Siku moja ya Novemba nilifungua kabati saa kumi na nusu jioni nikakuta mwalimu kanipigia mara 11. Nilichukua bodaboda mpaka shuleni. Mwanangu alikuwa amekaa nyuma ya ofisi ya walimu, kafungwa khanga ya mwalimu, na sare yake imefuliwa inaning'inia kwenye ua wa michongoma. Hakuwa analia. Aliniuliza tu, "Mama, uliambiwa saa ngapi?"

Sikumjibu. Niliianua ile sketi, ilikuwa imeshakauka.

Mwaka 2019 tulipewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Hapo napo haikuwa haraka. Madaktari walianza kwa kutafuta kifua kikuu cha utumbo, maana kinafanana sana na hiki alichonacho, na nchini kwetu kifua kikuu ndicho kingi. Isitoshe, dawa za Crohn hushusha kinga ya mwili. Ukimpa mwenye kifua kikuu umemmaliza. Kwa hiyo picha, makohozi, damu, mwisho kamera ya kupita njia ya haja kubwa, mtoto amelazwa usingizi wa dawa. Daktari alituchorea utumbo nyuma ya fomu: hapa pazima, hapa pana vidonda, hapa pazima tena, hapa vidonda. Alisema kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe, kwamba hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa ila zipo za kuutuliza, na kwamba jina limetoka kwa daktari wa New York aliyeuandika na wenzake mwaka 1932. Baba yake aliuliza ni maji gani tulimpa. Daktari akasema hakuna tulichompa. Nilimwona mume wangu akishusha mabega kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima.

Sasa nije kwenye kazi.

Katika wodi ya watoto tuliyolazwa, anayelala na mtoto ni mama. Usiku akina baba hawaruhusiwi, na sababu inaeleweka: wanawake wamelala chini kwenye mikeka wananyonyesha. Lakini utaratibu huo mdogo, wa nani alale kwenye mkeka, ndio uliokwisha kuamua ni kazi ya nani itakayopotea. Hatukukaa kikao nyumbani kujadili mshahara wa nani mkubwa. Wangu ndio uliokuwa mkubwa.

Likizo yangu ya mwaka, siku 28, iliishia kwenye ule mkeka. Nikaenda kwa ofisa utumishi. Kijana mstaarabu, alinikaribisha kiti, akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, akanisomea. Mfanyakazi akiuguliwa au kufiwa na mtoto anastahili siku nne zenye malipo. Nikauliza, nne kila anapougua? Akasema hapana, nne katika mzunguko mmoja wa likizo, na kwa likizo za namna hii mzunguko ni miezi 36. Akageuza kitabu nijisomee mwenyewe. Ningeugua mimi, sheria hiyo hiyo ilinipa siku 126, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Nilitoka pale nikitamani, Mungu anisamehe, niugue mimi.

Siku nne zinatosha mtoto akivunjika mkono. Ugonjwa wetu huja, hukaa wiki mbili, huondoka mwezi mzima ukaanza kujisahau, halafu hurudi Jumanne saa nane usiku. Usiku wa namna hiyo ulinikuta Machi 2021. Tuliamka mara saba. Asubuhi nilioga, nikavaa sare, nikakaa dirishani, na wakati fulani kabla ya saa sita nilimpa mteja laki tano badala ya laki tatu. Jioni hesabu ikagoma. Tukarudia mara nne, msimamizi amesimama mgongoni kwangu. Shoti ya laki mbili. Ikakatwa kwenye mshahara, ndio utaratibu, sina kinyongo nao. Mwezi wa tano nikapata nyingine, ndogo. Meneja aliniita. Huyu dada alikuwa amenifichia mengi, amenibadilishia zamu, amenisainia ruhusa alizojua hazipo. Alifunga mlango akasema, "Mdogo wangu, ya tatu sitaweza kuibeba." Nikaandika barua ya kuacha kazi kabla ya hiyo ya tatu. Majirani nikawaambia nataka kufanya biashara.

Kwa baba yake mambo yalikwenda kinyume kabisa. Yeye ni fundi umeme kiwandani, na bima ya familia inatoka kwa mwajiri wake. Mwaka huo huo rafiki yake aliyekuwa na kazi za ujenzi Dodoma alimwita: mshahara karibu mara mbili, na nyumba ya kupanga juu yake. Bima hakuna. Tukienda kujinunulia wenyewe, swali la kwanza kwenye fomu ni kama yupo mwenye maradhi ya kudumu. Mume wangu alikaa na ile namba ya simu siku tatu, kisha akapiga kushukuru. Tangu hapo hana sauti kazini. Wenzake wakidai nyongeza, yeye anachunguza koleo lake. Aliomba zamu ya usiku ya kudumu, zamu ambayo wenzake wanaikimbia, ili mchana awepo mtu wa pili nyumbani. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunakutana mlangoni, mimi naamka, yeye anavua viatu. Tunakabidhiana kama walinzi: kala nini, kaenda chooni mara ngapi, damu ipo au haipo.

Na hiyo bima nayo ina mipaka yake. Mwaka 2022 ugonjwa uliporudi kwa nguvu, daktari alitaka mtoto anywe maziwa maalumu ya kopo kwa wiki sita bila chakula kingine chochote, ili kumpunguzia vidonge vya steroidi vilivyomvimbisha mashavu na kumdumaza. Bima wakajibu kwamba hicho ni chakula, si dawa. Tuliuza pikipiki. Wiki sita hizo nilipika usiku akishalala, na sisi wengine tulikula tumesimama jikoni tumeufunga mlango, kwa sababu harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa inamliza. Zilimsaidia. Aliongezeka kilo 3.

Biashara niliyowaambia majirani ilikuja kuwa ya kweli. Nina kibanda cha mbao mbele ya nyumba, mwavuli na kiti cha plastiki: mimi ni wakala wa pesa za simu. Nacheka peke yangu mara nyingine, maana kazi ni ile ile, kuhesabu noti za watu, ila sasa kuna vumbi na simu iko mkononi. Kutoka kibandani hadi mlango wa choo ni hatua 14. Nilizipima kwanza, ndipo fundi akachimbia nguzo. Kamisheni ya mwezi mzuri haifiki nusu ya mshahara wa zamani, na mara mbili matapeli wamenipiga, lakini floti ikiisha nafunga bila kumsainisha mtu.

Shuleni tulikubaliana na mwalimu mkuu: anakaa dawati la karibu na mlango, anatoka bila kunyoosha mkono, na ofisini kuna mfuko wenye sare ya pili. Mwalimu aliyemfunga khanga ndiye aliyelisimamia hilo. Mwaka jana wote nilipigiwa simu mara mbili tu.

Kliniki bado ni Dar. Miaka ya basi siipendi hata kuisimulia. Kutoka stendi ya Msamvu ni kama kilomita 190, na kila safari nilikuwa nabembeleza konda, "Kaka, nina mgonjwa, akikuambia kuchimba dawa usimame." Wengine walisimama. Wengine walisema Chalinze, mama, Chalinze. Mtoto alijifunza kufunga tangu jana yake, asile wala asinywe, akawa anafika kwa daktari kakauka, kipimo cha damu wanahangaika kuutafuta mshipa.

Katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kati ya Dar na Morogoro. Watu walisifu mwendo. Mimi nilisifu choo. Mara ya kwanza tulipopanda, baba yake alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, na kabla hatujauacha mji wa Morogoro alishalala kinywa wazi, kofia ya kiwanda ikiwa mapajani. Mteja akanipigia anataka kutoa laki moja, nikamwelekeza kwa wakala wa jirani. Binti yangu, sasa miaka 12, akafungua ndizi akaila yote, safarini, bila kumwuliza mtu. Baadaye kidogo akasimama. Na mimi nikasimama, mwili umezoea.

"Kaa, Mama," akasema. "Nimeshaona kilipo."

Akaenda kwa mwendo wa kawaida, akishikilia migongo ya viti. Niliangalia saa, kisha nikaacha kuiangalia.