Sanduku la Baba na Njia ya Hombo

Msumeno wa baba ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu wote, na ndio uliotupangia namna ya kubeba kila kitu kingine. Nyundo hukaa popote. Patasi utazifunga kwa kitambaa, zitatulia. Msumeno haukubali kukunjwa wala kubanwa, na meno yake yakisuguana na chuma kingine njia nzima, ukifika kazini unaanza na tupa kabla ya kugusa ubao. Kila chombo cha kubebea vifaa nilichowahi kutengeneza hapa Bunyakiri kimeanza kwa kuupima msumeno.

Baba alianza ufundi na kitunga. Kilikuwa kitunga kilekile cha mama cha mihogo, kinachoning'inia mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wanaume wengine walimcheka, kwa kuwa mkanda wa kichwani ni wa wanawake, naye hakuwajibu. Aliyatia meno ya msumeno ndani ya mwanzi uliopasuliwa kwa urefu, mwanzi ulioletwa kutoka juu mlimani, na hiyo ndiyo kinga ya kwanza niliyoijua. Vifaa vingine vililala pamoja chini ndani ya kitunga. Kila jioni aliyaona makali ya patasi yana mapengo mapya, akatikisa kichwa.

Nilipokuwa na miaka minane aliamua kutengeneza sanduku. Alichagua mbao za libuyu, akazikausha msimu mzima chini ya paa la jiko. Pembe hakuzipigilia misumari. Alizichonga meno yaliyotanuka kama mkia wa ndege, yakaingiana yakashikana, kama alivyofundishwa na padri mmoja wa misheni. Msumeno ulipata nafasi yake ndani ya kifuniko, randa zikapata vyumba vyao, patasi zikasimama kwenye ubao wenye matundu. Majirani walikuja kuliangalia. Mama naye aliliangalia, akalizunguka, akasema: "Papa, hii sanduku iko muzuri kwa nyumba. Kwa njia, nani ataibeba?"

Baba alikuwa akiyategemea malori. Barabara yetu ndiyo ile itokayo Bukavu kuelekea Kisangani. Ukifika Miti unaacha mashamba, unapanda hadi Tshivanga ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, kwenye ukungu na mianzi, halafu unateremka kwenye joto la kwetu, na mbele zaidi ni Hombo. Ni kama kilomita 80 kutoka Bukavu hadi hapa. Lori likipita, sanduku lilipandishwa juu ya magunia, na baba juu ya sanduku. Ila mvua za huku haziionei barabara huruma. Madaraja yalioza, malori yakapungua, na sanduku, ambalo peke yake bila kifaa ndani lilimtosha mtu mzima, likabaki nyumbani. Baba akarudi kutembea na gunia lenye vifaa vitatu.

Mwaka 1996 vita vilipofika, barabara hiyohiyo ilijaa watu. Wakimbizi waliokuwa kambini Inera na Kashusha tangu 1994 walipita kuelekea Walikale, na sisi wenyewe tukaingia msituni. Usiku wa kuamkia safari baba alikitoa kila kifaa sandukuni. Alikipaka mawese, akakifunga kwa majani ya ndizi, kisha kwa kipande cha shitingi, akachimba shimo kati ya migomba. Aliondoka na msumeno na nyundo tu. Sanduku aliliacha mlangoni, kifuniko kikiwa wazi, ili atakayeingia aone kuwa ni tupu na asilivunje.

Tuliporudi lilikuwa limepasuliwa kuni. Kwenye majivu tulikuta pembe moja, vipande viwili vya ubao vilivyoungua nusu, na meno yake bado yameshikana. Ninayo hadi leo. Vifaa vilitoka ardhini vikiwa na ganda la rangi ya chungwa linalonata kama ulimbo. Mawese yaliviokoa, lakini hayakuviokoa vyote: mafuta yale yakikaa sana yanachachuka, na patasi mbili zilikuwa na vishimo vidogovidogo ambavyo tupa haikuvimaliza. Siku hizi natumia mafuta ya injini.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1936, kwenye kisiwa cha Gotland huko Uswidi, mkulima aliyekuwa akilima bwawa lililokaushwa aligonga sanduku la mwaloni lenye umri wa karibu miaka 1,000. Ndani na pembeni mwake kulikuwa na vifaa zaidi ya 200 vya seremala na mhunzi, na mnyororo ulikuwa umelizunguka. Nilikiweka kitabu chini. Fundi yule, popote alipokuwa akienda, hakurudi kuchukua mali yake. Baba alirudi.

Mimi niliyeanza ufundi baada ya hapo sikutaka tena sanduku la kukaa. Mwanzo nilichukua bati. Makopo ya mafuta ya msaada yalikuwa yamezagaa tangu wakati wa kambi, na mafundi bati waliyakunjua wakatengeneza milango, taa, hata masanduku. Nikanunua sanduku moja la bati lenye mfuniko wa kubana. Lilikuwa jepesi na mvua haikuingia, nikafurahi kwa majuma mawili. Kumbe unyevu ulioingia na vifaa nao haukutoka. Asubuhi nilifungua nikakuta bati limetoka jasho ndani na randa imepata kutu nyekundu. Mbao hupumua, bati halipumui. Nilitoboa matundu chini ya ukingo wa mfuniko, mahali ambapo mvua haifiki, nikaweka mfuko mdogo wa mkaa mkavu ndani, na kutu ikapungua.

Halafu likaja suala la mgongo, na hapo nilijifunza kwa maumivu. Nilitengeneza mikanda kwa mpira wa ndani wa gurudumu, kwa kuwa haukatiki. Haukatiki, ni kweli, lakini unavutika. Kila hatua mzigo ulishuka na kupanda, na kufikia mlima wa pili mabega yalikuwa yanawaka. Nikabadilisha kwa mkanda wa usalama wa gari lililokufa, ambao hauvutiki kabisa. Nikahamisha nyundo na randa zikae karibu na uti wa mgongo, juu kidogo, na vitu vyepesi vikae nje. Mzigo uleule ukawa kama umepungua. Mwishoni niliongeza mkanda mpana wa paji la uso, nikakumbuka waliokuwa wakimcheka baba. Wanawake wa Bunyakiri walikuwa wameshalijua jibu kabla yetu sisi mafundi hatujaliuliza swali.

Sasa pikipiki zimechukua njia. Sanduku linafungwa nyuma ya kiti, na adui wake ni mtikisiko. Misumari hutembea yenyewe, hujichomoa kidogokidogo hadi ubao unaachia. Kwa hiyo sanduku la pikipiki nalifunga kwa bolti, au msumari ukitokeza upande wa pili naukunja ncha yake. Chini ya kila kifaa naweka kipande cha kandambili kuukuu. Mikanda ya mgongoni siiondoi hata hivyo. Pikipiki inaharibika, daraja linaondoka, na nimeshatembea sana katika nchi hii kiasi cha kutoamini chombo kisichoweza kubebwa na mwenye nacho.

Nina mwanafunzi mmoja, binti wa jirani. Juma lililopita nilimwambia achukue vipimo vya sanduku langu atengeneze lake. Alileta kamba, akaulaza msumeno chini, akapima urefu wake, akafunga fundo la kwanza. Kisha akaacha sanduku langu lilipo, akaenda kwa mama yake, akamgeuzia mgongo. "Mama, nipime," akasema. Mama yake akaivuta ile kamba kutoka paji la uso hadi kiunoni, na binti akaushika mkono wa mama pale kamba ilipoishia, akafunga fundo la pili.