Kamera Mkononi, Bagamoyo Hiyooo!

Msomaji, kama wikiendi zako zote zinaishia baa, jaribu hii. Sisi washikaji sita, hakuna hata mmoja anayekula kwa kamera, tulidamka Jumamosi tukapanda basi la Bagamoyo, kilometa 70 hivi kutoka Dar. Kamera za maana zilikuwa mbili tu, waliobaki, simu.

Tulianzia magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13. Asubuhi jua likiwa chini, kivuli kinalala pembeni na kila jiwe linajitokeza. Ikigonga saa sita, picha zote bapa. Basi tukarudi Mji Mkongwe kupiga milango ya nakshi na boma la Wajerumani, ambao mwaka 1891 walihamishia makao makuu yao Dar.

Kasheshe ilikuwa soko la samaki. Jamaa yetu mmoja akamfotoa mama muuza samaki bila hata shikamoo. Mama akaacha kukaanga.

"Mwanangu, sura yangu imeshakwenda Ulaya mara ngapi? Mimi mwenyewe sina hata picha moja!"

Jamaa akanywea. Ndipo dada mmoja wa kundi akamwamkia mama, akamwomba. Mama akajifunga kanga upya, akacheka, picha ikatoka bomba kuliko zote. Tukachanga, tukaisafisha studio ya pale mjini, tukamkabidhi mkononi kabla ya basi la jioni.

Kwa hiyo ukienda, beba betri, maji na shikamoo. Na picha ukiahidi, ipeleke. Haya, wikiendi njema!