Rumonge: pwani inayotazamana na Ubwari

Mwezi huu twende matembezi mpaka Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura. Wengi wetu tulitua huko tulipovuka kutoka Kongo. Lakini siku ile nani alikuwa na nafasi ya kuangalia mji? Tuliangalia watoto na mizigo, basi. Na hawa watoto waliozaliwa huku kambini, wengine wamekuwa vijana na ziwa hawajawahi kuliona hata siku moja. Wanasikia tu tukisema "kwetu ng'ambo". Ng'ambo ya nini? Hawajui.

Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni zaidi ya kilometa 70. Ukikaa kwenye basi dogo, chagua dirisha la kulia, maana barabara inafuata maji karibu safari nzima. Kushoto ni milima, kulia ni ziwa. Kama kilometa 10 kutoka Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley. Wazungu hao walipita hapo Novemba 1871. Baadaye unapita Gitaza, Magara na Minago, halafu michikichi inaanza kuwa mingi mpaka unaona ni msitu. Hapo ujue umekaribia. Rumonge ni mji wa mawese na samaki, na pua itakuambia kabla macho hayajafika.

Mtu wa Fizi au Uvira hawi mgeni sana hapo mjini. Kiswahili kinasemwa sokoni, bandarini na barazani. Utakuta ndagala wameanikwa, mukeke wamepangwa kwenye meza, sangala kwa mwenye pesa. Mama muuzaji akisikia Kiswahili chako, anakuuliza: "We wa wapi, ndugu yangu? Wa ng'ambo?" Ukikubali, mnaanza kutajiana majina ya watu.

Lakini pwani tunayotaka kuwaonyesha siyo ile ya bandarini. Ni upande wa kusini, ukitoka mjini kuelekea msitu wa Kigwena. Hapo hakuna hoteli wala muziki. Kuna mchanga, mitumbwi michache iliyovutwa juu, nyavu zimetandazwa, na watoto wanaochota maji. Kimya chake ni kile cha maji yanayopiga mchanga polepole. Sisi tulikaa chini ya mti na jamaa aliyetupokea, mzee wa hapo hapo Rumonge.

Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu. Saa nne ukaondoka, na ng'ambo ikatokea. Mbele kabisa ni Ubwari, imelala majini kama mtumbwi uliogeuzwa, na ncha yake ya Banza inatazama kaskazini. Nyuma yake, juu zaidi, ni milima ya Fizi. Baraka huioni kutoka pale, imejificha nyuma ya Ubwari. Lakini ukijua mahali pa kutazama, unajua ipo.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye, amezaliwa kambini, alisimama muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza: "Mbona ni karibu hivi?"

Swali hilo lilitushinda. Kweli ni karibu. Mtumbwi wa mota hauhitaji siku nzima. Siyo maji yanayotuzuia. Ziwa ni lile lile, la nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na samaki hawaombi ruhusa. Kinachotuzuia ni yale yaliyo juu ya ile milima, na hayo macho hayayaoni. Ukiwa pwani unaona kijani tu na moshi wa wanaochoma mashamba. Kwa hiyo wazazi tuwe wakweli kwa vijana. Ng'ambo kuonekana nzuri siyo habari kwamba kuna amani. Mtu asivuke kwa sababu ya hamu. Avuke kwa sababu ya habari za hakika.

Yule mzee alitusikiliza, kisha akatukumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1972 vita na mauaji vilipoanza Burundi, hapa Rumonge na Nyanza-Lac palikuwa pa kwanza kuwaka. Watu wa pwani hii walipanda mitumbwi usiku, wengine wakaenda Kigoma, wengine wakavuka Kongo. Wakalala kwetu, wakala ugali wetu na sombe yetu. Mwaka 1993 na 2015 Warundi walikimbia tena. Na sisi? Tangu vita vya 1996 tunavuka kuja huku. Januari 2018 maelfu ya watu wa Fizi walitua Rumonge na Nyanza-Lac katika siku chache tu. Mzee akasema: "Nyinyi mlitupokea, na sisi tunawapokea. Ziwa hili linatupokezana." Tulinyamaza, maana ni kweli.

Usiku usiende kulala mapema. Kule pwani ya bahari, Mombasa na Zanzibar, kuna minara ya taa ya kuongoza meli. Kwetu ziwani taa ziko juu ya maji zenyewe. Wavuvi wanafunga mitumbwi miwili pamoja, wengi wanaiita kipe, wanawasha taa na kushusha wavu chini yake. Ndagala wanapanda kufuata mwanga, mukeke wanawafuata ndagala, na wavu unainuliwa. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za jua. Ukitazama kutoka pwani, ni kama mji mkubwa umejengwa majini. Wavuvi wa Burundi na wa Kongo taa zao zinachanganyika, huwezi kusema hii ni ya nani. Lakini chagua siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawakusanyiki kwenye taa na wavuvi wengi hupumzika.

Jambo lingine: pwani ya leo siyo ile ya zamani. Kati ya 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda sana. Maji yaliingia majumbani, na watu wengi wa kando ya ziwa walihama. Mzee alituonyesha kwa fimbo mahali ndani ya maji: "Pale palikuwa jiko la jirani yangu." Kumbe hata mwenye kwao anaweza kufukuzwa na maji.

Kwa atakayekwenda, haya ayashike:

- Omba kwanza karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na uitunze mfukoni safari nzima. Kwenye vizuizi utaulizwa.
- Usinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara pwani hii.
- Watoto wasiingie majini peke yao. Kuna mamba, na kuna kichocho penye majani na maji yaliyotulia.
- Jua likizama, ondoka ufukweni. Kiboko anatoka kula majani usiku, na ukimzibia njia ya kurudi majini hana mchezo. Taa za wavuvi zitazame kutoka nyumbani kwa mwenyeji wako.

Na wasioweza kwenda, wana kazi pia. Wazee mnaokumbuka majina ya vijiji vya Ubwari na vya pwani ya Fizi, kuanzia Banza kwenda kusini, yaandikeni au mwambieni mjukuu ayaandike, mtuletee kabla ya mwisho wa mwezi. Tutayachapa hapa kwa mpangilio wake. Ili kijana atakayesimama siku moja Rumonge akitazama ng'ambo, asione milima tu, aweze kunyosha kidole na kusema: pale panaitwa hivi, na pale ndipo alipozaliwa bibi.