Kimo cha Kiti

Kwa wengi waliokulia Uvira, Kigoma au Kisumu, baiskeli ya kwanza ilikuwa ya mtu mzima. Mtoto asiyekifikia kiti alipitisha mguu mmoja chini ya bomba la fremu, akaendesha huku kiwiliwili kimepinda upande. Baiskeli hiyo ilibeba mkaa, ndizi na wagonjwa. Haikupimwa kwa mwili wa yeyote. Mwili ndio uliojifunza kuifuata.

Mazoea hayo huvuka bahari pamoja na mwenyewe. Huko Shively, mji mdogo ulio pembeni mwa Louisville, jimbo la Kentucky, mtu wa Uvira aliendesha baiskeli kuukuu kwenda zamu ya usiku, kandokando ya Dixie Highway, kiti kikiwa palepale alipokiacha mmiliki wa awali. Magoti yalipoanza kumuuma kwa mbele, alilaumu umri na baridi. Hofu yake ilikuwa na msingi: kazi yake ni ya kusimama usiku kucha, na ujira huo ndio unaowasomesha wadogo zake nyumbani.

Mdogo wake aliyeko Columbus ndiye aliyemwuliza kwa simu, "Kaka, kiti ulikiinua?"

Kiti kilicho chini mno hulikunja goti kupita kiasi, na mzigo huielemea pia ya goti kila pedeli inapokanyagwa. Kipimo chepesi ni kuketi huku umeshika ukuta, kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama, kimo kinafaa. Wayo ukirudi mahali pake, goti hubaki na mkunjo mdogo. Mwaka 1967, watafiti Hamley na Thomas walipendekeza asilimia 109 ya urefu wa mguu kutoka msambani hadi sakafuni. Mwenye mguu wa sentimita 80 huhitaji sentimita 87.2 kutoka pedeli ya chini hadi juu ya kiti.

Kazi ilihitaji spana moja na dakika chache. Kigumu kilikuwa kuamini kwamba kitu alichopewa kinaweza kulegezwa. Mhamiaji hufundishwa shukrani kwanza: apokee koti, chumba na zamu jinsi vilivyo. Lakini shukrani haikatazi spana. Kiti huinuliwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mradi kisivuke alama iliyochorwa kwenye nguzo yake.